Shangazi wa Meza ya Dirishani

Tarehe 30 Juni Shangazi atarudisha funguo. Amekaa nazo miaka thelathini na miwili, umri wa mtu mzima mwenye watoto wanaosoma, na muda wote huo amekuwa afisa udahili wa kitivo chetu cha sheria, katika chumba kile kile cha ghorofa ya chini, mlango wa pili kutoka kwenye ngazi. Amekataa katakata kuandikiwa sifa. Kwa kuwa hatujawahi kumshinda kwa kubishana naye, tumeamua kumshinda mara hii moja kwa kuandika bila kumwuliza.

Jambo moja lisemwe mapema. Mpaka miezi minne iliyopita hatukujua kama ataondoka peke yake au ataondolewa pamoja na meza yake. Meza yenyewe si kitu cha kutazama. Mguu mmoja umekazwa kwa waya. Imesogezwa dirishani kwa sababu taa ya chumba iliharibika na mafundi wa chuo wakasema wangekuja kesho. Kesho hiyo bado tunaisubiri. Lakini kupitia meza hiyo wameingia shule ya sheria watu ambao matokeo yao ya mitihani yangewazuia getini, na leo baadhi yao wanavaa majoho. Ibaki au iondoke: hilo ndilo lililomnyima Shangazi raha katika mwaka wake wa mwisho, ingawa sisi alituonyesha vicheko tu.

Aliletwa udahili kwa muda. Alikuwa wakili kijana, ametoka katika ofisi ya mawakili watatu waliokuwa wakigombania feni moja, na alikuja kufundisha sheria ya jinai. Akaambiwa, tafadhali, shikilia na ile ofisi ya chini mwaka huu mmoja, mpaka apatikane mtu. Mtu hakupatikana. Kila mkuu wa kitivo aliyeingia alimwahidi kumtafutia mbadala, na kila mmoja wao alistaafu kabla yake. Jinai alifundisha pia, asubuhi, na wanafunzi wake hawajasahau namna alivyokuwa akimkatiza mtu katikati ya jibu zuri na kumwambia, “Hayo umeyasoma. Sasa sema unayoyajua.”

Wengi hudhani kwamba mtu anayewatetea wenye alama hafifu lazima naye alifeli. Wamepotea njia. Shangazi alikuwa wa kwanza darasani tangu shule ya msingi mpaka shahada, na aliwaudhi wenzake kwa hilo. Hili ndilo linalowauma wapinzani wake, kwa sababu hawawezi kusema ana kinyongo na mitihani. Mitihani ilimpenda sana. Yeye ndiye aliyekataa kuirudishia mapenzi.

Sababu ni kaka yake. Amemtangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja, na leo ni fundi cherehani, kibanda chake kiko nyuma ya posta. Nyumbani kwao mama alikuwa na mahakama jikoni. Watoto wakigombana, hakuna aliyesikilizwa kabla hajaeleza upande wa mwenzake, tena aueleze mpaka mwenzake mwenyewe aseme, “Hapo sawa.” Ukimbeza mwenzako unaanza upya, na chakula kinapoa. “Kwanza ya mwenzako,” mama alikuwa akisema huku anakoroga sufuria, wala hageuki. Katika mahakama hiyo bingwa wa darasa alikuwa akichapwa na kaka yake kila siku. Inasemekana kaka aliwahi kumtetea dada yake vizuri mno hata mama akampa dada ushindi, na kaka akaosha vyombo vyote peke yake, akipiga mluzi. Alikuwa ameifurahia kazi.

Mwaka ambao kaka alipaswa kufanya mtihani wa kumaliza sekondari, baba yao aliugua. Dada alikuwa shule ya bweni. Kaka ndiye aliyekuwa nyumbani, ndiye aliyemwogesha baba, akamgeuza kitandani, akamshika mkono hadi kliniki, kisha akaenda kwenye chumba cha mtihani na kusinzia juu ya karatasi. Alama zake zilikuwa kama unavyodhani. Aliomba nafasi katika kitivo hiki hiki, akakataliwa bila hata kuitwa watu waone sura yake. Mwaka uliofuata dada akaomba, na akapokelewa kwa mikono miwili.

Shangazi hapendi kuuzungumzia mwaka huo. Husema tu kwamba alikaa darasani katikati ya vijana wenye alama safi, akawa anatafuta mtu wa kubishana naye, na huyo aliyekuwa akimtafuta yuko kwenye cherehani.

Kwa hiyo alipopewa ofisi, hakuvunja kanuni hata moja. Alizisoma, jambo ambalo lilikuwa jipya pale. Akakuta kifungu kinachoruhusu ofisi kuwaita kwa mahojiano waombaji walio chini kidogo ya kiwango cha kuingilia. Kifungu kilikuwepo miaka yote, kimelala usingizi wa pono. Yeye akakiamsha, akasogeza meza dirishani, akaweka viti viwili upande wa pili.

Utaratibu wake ni huu. Mwombaji anakuja na kisa cha kweli cha mtu aliyemkosea. Anakaa kiti cha kwanza, chenye mto, anakieleza kwa uchungu wake wote. Akimaliza, Shangazi anamwambia, “Haya mwanangu, hamia kule.” Anahamia kiti cha pili, kigumu, kinachopiga kelele ukijitikisa, na hapo anakieleza kisa kile kile kama angekieleza yule mkosaji. Bila kumbeza. Bila kumpachika maneno ya kipumbavu. Shangazi husikiliza kana kwamba mkosaji mwenyewe amejificha nyuma ya pazia, na swali lake ni moja tu: angetoka huko na kusema, “Hapo sawa”?

Wapo waliouita mchezo wa kuigiza. Tuwajibu hapa hapa, maana hawatupi nafasi kwingine. Mtihani unapima ulichokihifadhi, na kama siku hiyo ulikuwa mzima na umelala vizuri. Mahakama inapima kama unaweza kumsikia mtu usiyempenda, ukamsikia mpaka ukajua atasema nini kabla hajafungua mdomo. Tunao mawakili wenye vyeti vya kung'aa ambao tangu wazaliwe hawajamsikiliza mtu mwingine zaidi ya nafsi zao, na wateja wao wanakula jela kwa niaba yao. Anayebisha aende asubuhi moja akakae viti vya nyuma vya mahakama yoyote aipendayo. Asibebe kitabu. Akae tu asikilize.

Wa kwanza kukaa mezani alikuwa msusi. Alama zake za hesabu zilitia huruma, na za historia zilitia hasira. Kisa chake kilikuwa cha mwenye nyumba aliyeifunga saluni kwa kufuli wakati mteja yumo ndani, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Kwenye kiti cha kwanza alimchambua mwenye nyumba mpaka Shangazi akaona heri afunge dirisha. Kwenye kiti cha pili akawa mzee mwenye shinikizo la damu, ambaye watoto wake hawampigii simu, anayepita mbele ya saluni kila jioni, anasikia vicheko na kudhani anachekwa yeye. Akafika hapo kiti kikapiga kelele. Kisha akasema, si kama mwenye nyumba tena bali kama yeye mwenyewe, “Kumbe mzee wa watu.” Leo huyo msusi ni hakimu. Mawakili wanasema mbele yake huwezi kupata kitu kwa kumtukana wa upande wa pili. Anakukatiza na kukuuliza, “Na yeye angesemaje?”

Si kila aliyekaa alipita. Alikuja kijana mmoja aliyekosa kiwango kwa alama moja tu, mtoto wa mkubwa fulani, suti imemkaa vizuri. Kiti cha pili kilimshinda kabisa. Kila alipomwigiza mkosaji wake, alimpa sauti ya puani na akili ya kuku. Shangazi akamwambia arudi mwaka ujao. Kesho yake akaja baba mtu. Shangazi alimkaribisha kwa heshima zote, akamwonyesha kiti kigumu, akamwomba aeleze kwa nini afisa udahili amemkataa mwanawe. Mheshimiwa hakukaa. Aliubamiza mlango mpaka pazia likadondoka. Shangazi akaliokota, akalikung'uta vumbi, akamwambia karani, “Sasa tumejua mtoto tabia kaitoa wapi.”

Hilo pazia lina habari yake. Alilishona kaka kwa vitambaa vilivyobaki, upande mmoja bluu na mwingine maua, kwa kuwa cha bluu hakikutosha na yeye hakuona sababu ya kungoja. Jua la mchana lilikuwa likiwapiga waombaji machoni. Kila likichoka au likidondoshwa na wakubwa, fundi alikuja na sindano yake, akilitengeneza huku anakitupia jicho kile kiti cha pili. Kukaa hakuweza. Shangazi alikuwa amejitungia sharti siku ya kwanza kabisa: mtu wa damu yake hakai kwenye meza yake. Si kaka, si mpwa, si binamu wa mbali. “Nami nitakaa hapo,” fundi alikuwa akisema, pini zikiwa mdomoni, “siku ukistaafu.” Tulicheka wote. Mtu amevuka sitini, ana wajukuu; tuliona ni utani wa ndugu na ndugu.

Baada ya miaka kadhaa mtaa ulizinduka. Wakatokea walimu wa pembeni wanaofundisha namna ya kupenya kwenye meza ya Shangazi, na visa vikaanza kufanana. Siku moja waombaji watatu, mmoja baada ya mwingine, walikuja wakiwa wamedhulumiwa na mjomba aliyeuza baiskeli isiyo yake. Shangazi akawaita wote watatu pamoja. “Huyu mjomba wenu ana baiskeli ngapi?” Wakatazamana. “Basi mjomba tumwache. Mteteeni huyo aliyewauzia hadithi.” Wawili wakachukua mikoba yao, kwaheri hawakusema. Wa tatu, binti aliyekuwa muuzaji katika duka la dawa, akahamia kiti kigumu. Akasema yeye ni mwalimu wa pembeni, na kwamba watu humjia wakitetemeka kwa sababu mlango ni mwembamba na hakuna aliyewaeleza ulivyo. “Mimi siwauzii hadithi, nawauzia ujasiri,” alisema. “Na mama, kama meza yako ingejulikana vizuri na watu wote, mimi ningekufa njaa.”

Shangazi alicheka mpaka akavua miwani. Binti akapokelewa. Mwezi uliofuata utaratibu wa meza ulibandikwa ukutani, nje, kwa herufi kubwa, kila mtu ausome, na biashara ya pembeni ikafa kifo cha kawaida. Huyo binti sasa anafundisha sheria ya familia, ghorofa ya juu. Jina la yule mwalimu wake hajalitaja mpaka leo, na ukimwuliza anakwambia alikuwa mteja wake wa kwanza.

Wapo pia waliotuaibisha, na itakuwa unafiki kuwaficha. Mmoja alikuwa na ulimi wa asali. Aliwatetea wakosaji wake mpaka karani akajipangusa macho, na mwaka wa pili akakamatwa akiwasilisha kazi ya mwenzake kama yake. Akafukuzwa. Shangazi hakungoja mtu amtupie hilo usoni. Kila mwaka alipotoa taarifa yake mbele ya baraza la kitivo, alianza na mtu huyo, kisha ndipo akafika kwenye mahakimu na mawakili.

Wala kupita mezani hakukuwa zawadi. Aliyepita alilazimika kuhudhuria darasa la alfajiri, kabla ya vipindi, Shangazi mwenyewe akiwa mbele na kikombe cha chai ya rangi. Huko walijifunza kusoma hukumu ndefu na kuandika sentensi fupi. “Sentensi ndefu,” aliwaambia, “ni mahali pa kujifichia.” Waliolia darasani humo ni wengi. Waliotaka kurudi nyumbani si haba. Ila kwenye mitihani ya mwaka wa tatu ungepata tabu kuwatenganisha na wale walioingia kupitia lango kubwa, na hapo nasi tunaomba wenye kuabudu alama watueleze: alama za zamani zilikuwa zinasema nini hasa?

Sasa tufike kwa Kipimo. Ndiye mhadhiri wetu wa sheria ya mikataba, na jina hilo alipewa na wanafunzi kwa tabia yake ya kupima pambizo za kazi zao kwa rula. Si mtu mbaya. Ndiye mtu mwaminifu kuliko wote jengoni: husahihisha kila karatasi mara mbili, na aliwahi kumpunguzia alama mwanawe wa kumzaa. Mwanzoni mwa mwaka huu alipeleka hoja barazani. Shangazi anaondoka, alisema, na meza iondoke naye. Kiwango kiwe kimoja, lango liwe moja. Meza ile imekuwa safi kwa sababu aliyeikalia ni safi. Kesho ataikalia nani? Nani anatuhakikishia kwamba haitageuka mlango wa uani wa watoto wa wakubwa?

Hoja ilikuwa nzito. Tunakiri hivyo kwa shingo upande.

Baadhi yetu tulijiandaa kwa vita. Mmoja wetu alimpelekea Shangazi hotuba ya moto yenye kurasa nyingi, aisome kabla haijalipuka. Aliisoma yote, akaikunja vizuri, akairudisha. “Moto wako utunze, mwanangu,” alisema. “Ukiuwasha pale utawachemshia chai wao.”

Siku ya kikao ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakalia madirisha. Kila upande ulipewa muda mfupi, na katibu alikuwa na kengele. Kengele hiyo aliidai Shangazi mwenyewe miaka mingi nyuma, kwa sababu ya maprofesa wasiojua kumaliza. Akasimama. Na kwa kuwa hajui kuanza kwa njia nyingine, akaanza na ya mwenzake.

Alimtetea Kipimo. Alimwelezea mama mmoja ambaye mwanawe alisoma kwa taa ya kibatari, akapata alama zake kihalali, kisha akamwona mtoto wa jirani, mwenye alama pungufu, anaingia kupitia dirishani kwa kuwa anajua kuongea. Huyo mama tumwambie nini? Alizungumza juu ya mtu asiye na mdomo, kijana anayeelewa kila kitu lakini akiketi mbele ya watu anagugumiza. Kiwango kinamlinda, meza haimlindi. Alizungumza juu ya afisa ajaye, ambaye hatumjui, na wakubwa wa kesho, ambao tunawajua vizuri sana. Aliingia ndani ya hoja ya Kipimo, akaipanga, akaipangusa vumbi, akaiwashia taa. Vichwa vikaanza kutikiswa kwa kukubali. Hata vyetu. Kipimo mwenyewe alikuwa amefumba macho kama mtu anayesikia wimbo wa nyumbani kwao.

Ndipo kengele ikalia.

“Shangazi, muda,” katibu alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

“Lakini sijaanza yangu!”

Ukumbi ulicheka, kisha ukaacha kucheka. Kosa hilo angeweza kulifanya yeye peke yake. Miaka yote mezani hakuna aliyemkatiza, na alisahau kwamba kule barazani kuna kengele, na kwamba kengele ni yake. Aliketi, akakunja mikono. Mwanamke aliyewatetea watu wengi hivyo alikuwa ametumia dakika zake zote kumtetea aliyetaka kuifuta kazi yake.

Ikawa zamu ya Kipimo. Alisimama na karatasi yake, akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akaiweka chini. “Sina la kuongeza,” alisema. “Amenimalizia yote. Tena kwake yamependeza zaidi.”

Angeweza kuketi pale, kura zikapigwa, na meza ikabebwa jioni hiyo hiyo. Lakini kutoka nyuma mhadhiri wa sheria ya familia, yule wa duka la dawa, akapaza sauti: “Kwanza ya mwenzako, mwalimu!”

Vicheko vikajaa ukumbini. Kipimo hakucheka. Alimtazama katibu na kengele yake, kisha akasema, “Ni haki yake. Haya, nahamia kile kiti.” Akajikohoza. “Mimi ni Shangazi.”

Ukumbi ulilipuka tena. Akangoja.

“Mimi ni Shangazi, na nina swali moja. Baba yake Kipimo alipofariki na kuacha shamba lenye ugomvi wa mpaka, Kipimo alimtafuta wakili gani? Mawakili wa mji huu amewafundisha yeye. Alama za kila mmoja anazijua kwa kichwa. Je, alimtafuta mwenye alama za juu?” Hapo tukaona kwamba jibu hakuwa amelipanga. “Hapana. Alimtafuta mmoja wa watu wangu wa dirishani. Huyo alishinda kesi, ndiyo, lakini wengine nao wangeshinda. Alimtafuta kwa sababu alijua atamsikiliza jirani kabla ya kumshtaki. Na leo, baada ya kesi, yule jirani bado anamsalimia mama yake Kipimo.”



“Na mkiniuliza nani ataitunza meza nikiondoka,” aliendelea, bado akiwa Shangazi, akipashwa moto na kazi yenyewe, “nitawaambia msiweke mtu mpole. Mwekeni mtu msumbufu. Mtu asiyependwa na wakubwa, anayepima hata pambizo kwa…” Akakoma. Alikuwa amejisikia akijitaja mwenyewe. Ukumbi mzima ulikuwa umemsikia kabla yake.

Shangazi aliondoa mikono kifuani. “Hapo sawa,” alisema.

Kura zilipigwa na meza ikabaki, kwa wingi ambao hakuna aliyeutegemea. Kipimo akakabidhiwa kuitunza, huku akilalamika kwamba amejishtaki mwenyewe, na akipiga kura ya kuikubali. Hotuba zetu za moto zilirudi mifukoni zikiwa nzima. Tunakiri iliuma kidogo.

Jioni hiyo Shangazi alipitia kibandani kwa kaka yake. Wateja waliokuwepo wametusimulia. Fundi alikuwa anapima suruali ya mtu, pini mdomoni, na dada alipofungua mdomo ili amweleze matokeo, yeye aliinua kidole. “Kwanza nieleze ya Kipimo.” Dada akaeleza yote, amesimama katikati ya vitambaa, mpaka kwenye jirani anayesalimia. Fundi akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

“Fomu zinatoka lini?” aliuliza.

Shangazi alidhani ni ule utani. Mwezi wa tatu fundi alikuja kwenye dirisha la ofisi, akapanga foleni na vijana wa umri wa wajukuu zake, amevaa koti alilojishonea mwenyewe, akachukua fomu kama kila mtu. Alama zake za zamani ziko chini kidogo ya kiwango, kama zilivyokuwa. Hazikuzeeka, alisema, amezeeka yeye peke yake. Mahojiano ni mwezi wa saba, wakati dada yake atakuwa mstaafu asiye na funguo wala kauli. Shangazi ameshamwambia Kipimo mbele ya mashahidi kwamba akimpendelea fundi hata kwa tabasamu, atarudi kutoka kwenye mapumziko yake na kumshtaki. Kipimo amejibu kwamba tabasamu halimo katika vifaa vyake vya kazi.

Karani alimwuliza fundi, kwa udadisi wake tu, kama ameshapata kisa cha kuja nacho. Nani alimkosea?

“Kitivo hiki,” alijibu. “Kilinikataa bila kuniona.”

Kwa hiyo mwezi wa saba ataketi kwanza kwenye kiti chenye mto, aseme yaliyomkaa kifuani miaka hii yote, na hakika tutayastahili. Kisha ataambiwa ahamie kule. Atakaa kwenye kiti kinachopiga kelele, chini ya pazia aliloshona kwa mkono wake, na atatutetea. Kama atapita au hatapita, hatujui. Hiyo ni kazi ya Kipimo na rula yake. Sisi tunaogopa jambo moja tu, kwamba atatutetea vizuri kuliko tunavyostahili.

Shangazi, ahsante kwa meza. Ahsante kwa madarasa ya alfajiri, kwa kengele iliyotunyamazisha sote na kisha wewe, na kwa kutufundisha kusubiri kabla ya kufoka, somo ambalo wengine wetu bado tunalifeli. Umesema siku ya mahojiano utakaa nje ya mlango, mkoba magotini, kama mzazi mwingine yeyote, na kwamba hutaki kuletewa kiti cha heshima. Sawa, mara hii umeshinda tena. Pumzika vizuri, uishi kwa raha na afya, na Mungu akujalie benchi lisilo gumu sana.